Gari la Audax na Springi Alizozikata Mwenyewe

Ninyi vijana mnaokuja hapa kibarazani kwangu na picha za magari kwenye simu, mkiniuliza, "Mzee Kulwa, hili likishushwa zaidi ya hapa litaenda sawa?", naona mnavyoshangaa nikichelewa kujibu. Mnadhani uzee umenila kichwa. Sijasahau kitu. Maisha yangu ya kazi yote nimeyapitisha nimelala chali chini ya magari ya Mwanza, nikinyoosha matairi, na hayo mnayoyauliza nayajua kama njia ya kwenda kwangu. Ninachelewa kwa sababu kila mkinionyesha gari lililolala chini namna hiyo namkumbuka mama mmoja wa huku huku Ilemela, na nikishamkumbuka, hamu ya kuzungumza habari za magari inaniisha.

Lakini mmeuliza, na mimi sipendi kijana atoke kwangu bila jibu.

Gari limeundwa likae kimo chake. Ukilishusha, mikono inayoshika tairi inabadili mlalo wake. Tairi linaingia ndani kwa juu na kutoka nje kwa chini, kama mtu aliyepanua miguu asianguke. Huko kulala kwa tairi ndiko tunakoita kemba. Vijana wengi huiogopa kemba kwa sababu inaonekana kwa macho. Mimi nawaambia kemba peke yake hula tairi polepole. Linalokwisha upesi ni tairi lililoacha kutazama mbele, yaani mawili yanatazamana kama watu wanaosengenya, au yanapeana mgongo kama walionuniana. Hilo huwezi kuliona ukiwa umesimama barabarani umeshika kiuno. Ukilishusha gari, mambo hayo mawili huharibika kwa pamoja, na fundi asiyejua huhangaika na lile analoliona.

Nimecheka pia katika kazi hii, msidhani nilizaliwa nimekunja uso. Alikuwapo bwana harusi mmoja aliyelishusha gari lake wiki ya harusi ili lipendeze kwenye picha. Lilipendeza kweli. Shida ilikuwa matuta. Likiwa na watu ndani lilikuwa linakaa juu ya tuta kama kobe juu ya jiwe, basi kila walipofika kwenye tuta bibi harusi alishuka, akashika gauni, akavuka kwa miguu, akapanda tena. Alipofika kanisani viatu vyeupe vilikuwa na rangi ya barabara. Mama mkwe akamwambia mwanawe mbele ya watu wote, "Ungetuambia tu mapema kwamba mnakuja kwa miguu." Jumatatu yule bwana harusi alikuwa mlangoni kwetu kabla hatujafungua gereji.

Kwetu, maana yake kwa Bwana Jayanti. Alikuwa Mhindi aliyezaliwa hapa hapa mjini. Baba yake aliuza vitambaa, yeye akapenda grisi, na Kisukuma alikijua kuliko wengi wenu mlio na majina ya Kisukuma. Wakati ananifundisha hakuwa na mashine. Alikuwa na kamba za nailoni, stendi za chuma, pimamaji na rula. Alivuta kamba pande zote mbili za gari, akahakikisha ziko sambamba, kisha akapima kutoka kwenye kamba hadi ukingo wa mbele wa rimu, na kutoka kwenye kamba hadi ukingo wa nyuma. Tofauti ya hapo ndiyo ilimwambia tairi linatazama wapi. Mimi alinikalisha kwenye kiti cha dereva. Nilikuwa mwembamba kama fito, akaona sitoshi, akanipakatisha na mfuko wa mchele wa Magu.

"Gari halisafiri tupu," alisema. "Lipime pamoja na mtu wake."

Nilikaa na ule mchele mapajani asubuhi nzima. Lakini neno lake kubwa lilikuwa jingine: ukiletewa gari linalovuta upande, usishike spana. Ingia chini kwanza. Tazama bushi, zile raba za kwenye maungio ya mikono, tazama tairodi inayogeuza tairi, tikisa boli joint inayolibeba, pima upepo wa matairi. Anayepima kabla ya kutazama anajipimia uongo. Bwana Jayanti sasa ni marehemu, na katika vijana wote niliowaambia neno hilo baada yake sijui kama yupo hata mmoja anayelifuata. Siku hizi gari linapandishwa moja kwa moja kwenye mashine, rangi ikiwa kijani linashushwa, mwingine aje. Sina ugomvi na mashine. Ni nzuri kuliko kamba zetu. Ila mashine haiingii chini kutazama.

Koku alikuja gerejini kwangu asubuhi moja ya masika. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi upande wa Magu, anakaa na mama yake huku Ilemela, kwa hiyo kila siku anakwenda na kurudi kupitia Kisesa. Aliteremka kwenye kigari cheusi kilichoshushwa mpaka nikajiuliza kama kimeangukiwa na kitu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Gari lako?"

"La kaka yangu," akasema, kisha akajirekebisha. "Lilikuwa la kaka yangu."

Kaka yake aliitwa Audax. Figo zilimshinda, akafa bado kijana, bado hajaoa. Gari likabaki, na Koku akalichukua kwa sababu shule iko mbali. Malalamiko yake yalikuwa ya kawaida: linavuta kushoto, usukani unacheza, matairi ya mbele hayadumu.

Niliingia chini. Springi zote zilikuwa zimekatwa kwa grenda, ncha zake nyeusi, hazina hata mahali pa kukalia. Nilipoinua gari kwa jeki, ya kushoto ililegea, nikaizungusha kwa mkono mmoja kama bangili.

Hapa nisikilizeni vizuri. Springi fupi ya kiwandani na springi iliyokatwa si ndugu. Ile ya kiwandani ni fupi lakini imekazwa, maana waliotengeneza wanajua haina nafasi ya kuchezea. Iliyokatwa inabakia na ulaini wake karibu ule ule huku nafasi imekwisha, kwa hiyo kila shimo inagota chini. Na kwa sababu haikai pake, kila ikiruka inatua mahali pengine. Leo gari liko kimo hiki, kesho kile. Utapima kimo kipi? Ni sawa na kumpima mtu nguo huku anaruka kamba.

Nikatoka chini. "Nani alizikata hizi?"

"Mwenyewe. Nyuma ya nyumba, na grenda ya kuazima."

"Tafuta nyingine. Bila hivyo nitakunyooshea leo, kesho limepinda."

"Mama hataki ziguswe," alisema Koku. "Gari lifanyiwe lolote, lakini alichofanya Audax kibaki."

Nilifanya nilichoweza. Nikabadilisha bushi zilizokwisha, nikafunga tairodi mpya, nikanyoosha matairi yakatazama mbele. Lilitoka gerejini likienda vizuri. Baada ya barabara mbovu ya kwanza likarudi kuvuta. Koku akaja tena, nikanyoosha tena, likavuta tena. Mwishowe aliona aibu kurudi, au alinichoka, akalipeleka kwa wengine wenye mashine. Mashine ikaonyesha kijani kila mahali. Kijana aliyeipima hakusema uongo, na msimlaumu. Gari likiwa limesimama pale juu, lilikuwa sawa kabisa. Tatizo ni kwamba hakuna anayenunua gari la kusimama.

Basi mvua kubwa ikanyesha, na Koku anarudi kutoka shule. Alipokaribia Kisesa tairi la mbele kushoto likapasuka. Gari likamtoka mikononi, likaacha lami, likapita katikati ya meza ya nyanya na meza ya vitunguu, likasimama kwenye tope. Wauzaji walikuwa wamejikinga mvua chini ya baraza la duka. Kama mvua isingenyesha wangekuwa wamekaa nyuma ya meza zao.

Alinipigia simu, nikaenda. Nilimkuta amekaa juu ya ndoo ya muuza nyanya, na yule mwenye nyanya amemfunika kanga yake mwenyewe, anamwambia, "Tulia, binti, nyanya huota tena."

Nikalitazama tairi. Kwa nje lilikuwa na meno yote, ungeweza kuliita jipya. Kwa ndani lilikuwa limelika mpaka nyaya zimechomoza kama mifupa ya dagaa. Ndiyo maana nawaambia, pitisheni mkono nyuma ya tairi. Ulaji wa gari la chini uko upande ambao mwenye gari haupigi picha.

Siku ile ile nilipanda kwa mama yake. Nyumba yao iko juu, katikati ya mawe, barabara inazunguka jiwe moja kubwa ndipo inafika uani. Mama Audax alikuwa muuguzi mstaafu, Mhaya wa Muleba, mtu wa sauti ya chini. Alinikaribisha kiti, akaniletea chai, akakaa mbele yangu na kuweka mikono mapajani.

"Umekuja kwa habari ya gari," alisema. "Koku amekutuma."

"Nimejituma mwenyewe, Mama Audax. Leo nimemkuta amekaa kwenye ndoo, gari liko kwenye tope."

"Ameniambia tairi limepasuka."

"Amekupunguzia. Angeweza kufa, na kuua watu."

Nje Koku alikuwa anaosha viatu vyake vyenye tope, tulikuwa tunasikia maji.

"Waitu, ndugu yangu fundi, nikueleze kitu," alisema. "Usinione nina wazimu. Audax akirudi kutoka kazini, lile tairi lilikuwa linakwaruza bodi pale kwenye kona ya jiwe. Mimi niko jikoni. Nikilisikia, naipua ndizi. Akifika mlangoni sahani iko mezani. Miaka yote hiyo hakuwahi kula chakula kilichopoa katika nyumba hii. Sasa Koku akirudi, linakwaruza vile vile. Najua ni Koku. Najua mwanangu yuko wapi, nilimfumba macho mimi mwenyewe. Lakini kutoka kwenye kona mpaka mlangoni, mikono yangu inakwenda yenyewe kama zamani. Ni muda mfupi tu. Nimebaki na huo."

Nilikiweka kikombe mezani bila kunywa.

"Ukibadilisha hizo springi," aliniuliza, "litakwaruza?"

Ningeweza kumdanganya. Ningeweza kusema, tutaona, mama.

"Hapana," nikasema. "Halitakwaruza tena."

"Huwezi kuacha kidogo? Kwa upande mmoja?"

"Mama, kule kukwaruza na kule kupasuka ni ugonjwa mmoja. Springi inagota, tairi linapanda mpaka linagusa bodi, na kila likipanda linageuza uso pembeni, linajila. Siwezi kuondoa kimoja nikaacha kingine."

"Nimewahi kuwaambia watu maneno ya namna hiyo," alisema. "Wodini. Niliyasema kwa sauti kama hiyo yako." Kisha akasimama, akachukua kikombe changu kilichojaa. "Fanya. Lakini lisipande juu. Alitaka liwe chini, liache chini."

Niliagiza springi fupi za kiwandani kutoka Dar, na shokapu za kuendana nazo. Zilipofika nilifanya kazi ile kama vile Bwana Jayanti amesimama nyuma yangu. Mkifunga springi mpya, msikaze bushi za mikono gari likiwa juu ya jeki. Lishusheni kwanza, lisukumeni mbele na nyuma, likalieni, libonyezeni mpaka likae kimo chake, ndipo mkaze. La sivyo bushi zitakuwa zimejisokota tangu siku ya kwanza. Kemba niliirudisha kwa zile boliti ambazo shingo zake haziko katikati, ukizizungusha zinasukuma tairi kidogo kidogo. Nilianza na matairi ya nyuma, maana ya nyuma ndiyo yanayoamua gari linaelekea wapi, ya mbele yanafuata. Nikafunga usukani ukiwa umenyooka. Nikamkalisha Koku kwenye kiti, na kikapu chake cha madaftari ya wanafunzi pembeni kama anavyokibeba siku zote. Nikapima.

Kisha tukalipeleka barabara ya uwanja wa ndege. Nikamwambia aachie usukani kidogo. Akaachia. Gari likaenda limenyooka kama uzi. Koku alicheka, mara ya kwanza kumwona akicheka, na nilikuwa na furaha ya fundi. Mtaijua siku moja kama mtakubali kuchafuka. Springi zile za zamani niliziweka kwenye gunia, nikampa azipeleke kwa mama yake.

Baada ya siku chache alipita gerejini. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Gari vipi?" nikamuuliza.

"Gari zima, Fundi. Halina neno."

"Sasa mbona uso huo?"

Akanieleza. Jioni ya siku aliyolichukua gari aliingia ndani akamkuta mama yake amesimama jikoni, moto umezimika, ndizi zimeungua zimeshika sufuria. Mama akamwambia, "Umefika saa ngapi? Sikukusikia." Kesho yake hivyo hivyo. Siku iliyofuata hakubandika chochote. Koku alijaribu kupiga honi pale kwenye kona, na alipoingia mama akamwambia kwa upole, "Usipige honi, mwanangu. Audax alikuwa hapigi honi."

Kwenye msiba wa Audax yule mama hakulia. Watu walimsifu, wakasema ni muuguzi, amezoea. Sasa ndipo alipoanza. Alilia mchana, alilia akianua nguo, alilia kanisani mpaka majirani wakaanza kuja kukaa naye kama msiba umetokea juzi. Padri alikuja. Wanawake wa jumuiya walikuja na mikeka. Alikonda, nguo zikamzidi. Nami nilikwenda, nikakaa pale na wanaume wengine. Nilikuwa na vipimo tu, na vipimo vyote vilikuwa sahihi.

Mara nyingi mmoja wenu huniuliza hapa, "Kwa hiyo ulikosea, mzee?" Sikukosea. Ukinirudishia gari lile leo nitafanya vile vile, boliti kwa boliti, na Koku ataendelea kuwa hai na yule mama ataendelea kulia. Hicho ndicho kinachonikatisha tamaa. Kosa ningeweza kulirekebisha. Mwaka ule ule niliacha kazi. Niliwaambia watu ni mgongo, na kweli mgongo ulikuwa unauma, lakini ulikuwa umeuma siku zote. Kilichobadilika ni kwamba kila gari la chini likiingia getini nilianza kumtazama mwenyewe badala ya kutazama matairi, nikijiuliza nyumbani kwake kuna nani jikoni. Fundi akifika hapo hafai tena kushika spana.

Koku na ndugu zake walikubaliana mama arudi Muleba kwa dada yake, wakamkatia nafasi ya meli. Asubuhi ya safari nilipanda kusaidia mizigo. Gari lilikuwa uani, limeoshwa. Tulipomaliza kupakia ndipo ikajulikana kwamba Mama Audax hakuwahi kuingia ndani ya gari lile hata mara moja. Audax alipokuwa hai alikataa, akisema magoti yake hayawezi kushuka huko chini. Alipofariki hakuna aliyethubutu kumwambia apande.

Nilimfungulia mlango. Akashika paa kwa mkono mmoja, bega langu kwa mkono mwingine, akajishusha polepole sana, mpaka nikadhani hatafika. Akakaa. Alikuwa mwepesi, springi hazikusogea. Akanyoosha miguu, akagusa kiti pembeni, akatazama mbele kupitia kioo.

"Alikuwa anakaa hivi?"

"Hivi hivi, mama," alisema Koku.

Sisi tuliosimama nje tulikuwa tunaliona ziwa lote kule chini, limetulia, na visiwa vyake. Yeye aliinua shingo kidogo, akaishusha, akainua tena.

"Kumbe ukiwa humu ziwa halionekani," alisema. "Mawe tu."

Nikamfungia mlango taratibu, nikiuinua kwa vidole kutoka chini, kwa sababu gari likiwa limelala vile mlango hukwama kwenye mawe. Koku akawasha, wakashuka kwenda bandarini. Mama Audax hajarudi Mwanza.